Kigawo, Kigawe na Namba Zinazokataa Kupangika

Trei ya mayai ina mayai 30. Iwe umeinunua soko la Majengo, iwe umeichukua kwa mama anayefuga kuku uani kwake Nkuhungu, trei ni ileile: mistari 6, kila mstari mayai 5. Kreti ya soda ni chupa 24, mistari 4 ya chupa 6. Sasa tuseme unataka trei ya mayai 29, yenye mistari iliyolingana na isiyo na tundu hata moja tupu. Itapatikana kwa namna moja tu: mayai yote 29 katika mstari mmoja mrefu kama mabehewa ya treni. Yai moja limepungua, na trei imekuwa kitu kisichobebeka.

Kwa nini 30 inakubali na 29 inakataa? Swali hilo dogo ndilo limebeba mada nzima ambayo vitabu vya Hisabati vya shule ya msingi huiita vigawo, vigawe na namba tasa. Nimeifundisha mada hii kwa miaka hapa Dodoma, na nimeona watoto wenye akili nyepesi kabisa wakikwama ndani yake. Hesabu zenyewe haziwashindi. Wanashindwa na maneno, kwa kuwa yamefanana mno na hakuna aliyekaa nao akayafungua. Wakifika sekondari lugha ya kufundishia inabadilika, na yule aliyekuwa amekariri bila kuelewa anapoteza hata hicho alichokariri.

Mbegu za ubuyu

Huku kwetu vihesabio havinunuliwi. Mibuyu ipo, watoto wanamung'unya ubuyu, mbegu zinabaki mfukoni. Mpe mtoto mbegu 12, umwambie azipange katika mistari iliyolingana bila kubakiza hata moja. Ataanza na mstari mmoja wa 12. Kisha mistari 2 ya sita sita. Kisha mistari 3 ya nne nne. Akiendelea ataona anajirudia, maana mistari 4 ya tatu tatu ni uleule mpangilio wa mwanzo aliougeuza upande. Namba zilizojitokeza hapo, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12, ndizo vigawo vya 12, na hakuna nyingine. Akijaribu mistari 5, kila mstari utapata mbegu 2 na mkononi zitabaki 2. Baki hiyo ndiyo shahidi kwamba 5 si kigawo cha 12.

Mwongezee mbegu moja, ziwe 13. Atajaribu mistari 2, itabaki moja. Mistari 3, itabaki moja. Mistari 4, moja tena. Mistari 5, zitabaki 3. Mistari 6, moja. Mwishowe atazinyoosha zote katika mstari mmoja na kukuangalia kama umemtega. Ile mbegu moja inayobaki kila mara uiweke akilini, kwa sababu huko mbele itafanya kazi kubwa kuliko udogo wake.

Irabu moja yenye kazi

Swali ambalo nimeulizwa kuliko yote ni hili: "Mwalimu, 3 ni kigawo au kigawe cha 12?" Mtoto anayeuliza hivyo amepewa maneno mawili yanayotofautiana kwa herufi moja, akaambiwa ayakariri. Lakini Kiswahili chenyewe kina jibu, na mtoto analijua bila kujua kwamba analijua.

Kifuniko hufunika. Kizibo huziba. Ufagio hufagia. Majina ya namna hiyo yaliyotokana na vitenzi na kuishia na -o, mengi yanataja kitu kinachotenda au kinachotumika kutendea. Tazama sasa upande wa pili: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa, mshinde ni aliyeshindwa. Hapo -e inamtaja aliyetendwa. Rudi kwenye kitenzi gawa. Kigawo ni kinachogawa. Kigawe ni kinachogawanywa. Namba 3 inaigawa 12 bila baki, kwa hiyo 3 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 3. Uhusiano ni mmoja, umetazamwa kutoka ncha mbili, kama mjomba na mpwa: ukishajua nani mjomba, huhitaji kuuliza tena nani mpwa.

Kutokana na hapo tofauti nyingine zinajieleza zenyewe. Mgawaji hawezi kuwa mkubwa kuliko kinachogawanywa, kwa hiyo vigawo vya 12 vinaishia kwenye 12. Lakini vigawe vya 12 havina mwisho: 12, 24, 36, 48, endelea hadi uchoke. Hata 0 ni kigawe cha 12, kwa kuwa 12 × 0 ni 0, ingawa darasani huwa tunaanza kuvihesabu kutoka namba yenyewe.

Kwa nini saa 24

Namba zenye vigawo vingi zimependwa tangu kale na watu waliokuwa na kazi ya kugawa. Wababeli walihesabu kwa makundi ya 60, na kutoka kwao tumerithi dakika 60 za saa moja. Namba 60 ina vigawo 12: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 10, 12, 15, 20, 30 na 60. Ndiyo maana nusu saa, robo saa na theluthi ya saa zote hutoa dakika kamili.

Siku ina saa 24, na sisi Waswahili tunaihesabu kwa vipande viwili vya saa 12, usiku na mchana. Ukiandikiwa dawa kutwa mara 3 ni kila baada ya saa 8. Kutwa mara 4 ni kila baada ya saa 6, kutwa mara 2 ni kila baada ya saa 12. Kutwa mara 5, ukitaka nafasi zilingane sawasawa, ni kila baada ya saa 4 na dakika 48, na hapo mgonjwa atahitaji karatasi na kalamu pembeni ya kitanda. Sababu ni moja tu: 5 si kigawo cha 24.

Tasa

Namba tasa ni namba nzima yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na namba yenyewe. Kwa lugha ya mbegu, ni namba inayokubali mstari mmoja peke yake. Za mwanzo ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29.

Neno lenyewe, tasa, ni zito. Katika maisha ya kila siku ni asiyezaa, na limetumika kuwaumiza wanawake wengi. Mtoto akilisikia kwenye hesabu hudhani kwamba hizi ni namba zisizotoa kitu. Napenda kulisema hili waziwazi kwa sababu kweli yake iko kinyume kabisa: namba tasa ndizo zinazozizaa namba nyingine zote. Chukua 360. Mmoja ataanza kwa kuivunja kuwa 36 × 10, mwingine 18 × 20, mwingine 4 × 90. Kila mmoja aendelee kuvunja vipande vyake mpaka abaki na visivyovunjika. Wote watatu watakutana kwenye 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Ni kama msafiri wa Iringa: apitie Mtera, azungukie Morogoro, atashukia Dodoma ileile. Kila namba nzima kubwa kuliko 1, kama si tasa yenyewe, inajengwa kwa namba tasa, na inajengwa kwa namna moja tu usipojali mpangilio.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la 1. Wanafunzi wengi huiandika 1 kwenye orodha ya tasa, na wengine hukatwa alama bila kuelezwa kosa. Kwanza, 1 ina kigawo kimoja tu, si viwili. Lakini sababu ya ndani zaidi ni kwamba tukiikubali 1 kuwa tasa, ile "namna moja tu" inavunjika: 12 ingekuwa 2 × 2 × 3, na pia 1 × 2 × 2 × 3, na pia 1 × 1 × 2 × 2 × 3, bila kikomo. Tofali ambalo ukiliongeza ukuta haurefuki, ukiliondoa haupungui, halina nafasi katika hesabu ya matofali.

Kosa lingine ni kudhani kwamba tasa na witiri, yaani namba isiyogawanyika kwa 2, ni kitu kimoja. Namba 9 ni witiri, ila inapangika 3 kwa 3. Vilevile 15, 21, 25 na 27. Na 2 ni shufwa, yaani inagawanyika kwa 2, ni tasa pia, shufwa pekee iliyo tasa, kwa kuwa shufwa nyingine yoyote tayari ina 2 kama kigawo cha ziada.

Mwaka wa Uhuru na mwaka wa Dodoma

Namba ndogo unazipima kwa macho. Kubwa kidogo zinadanganya. Namba 51 inaonekana tasa, kumbe ni 3 × 17. Namba 91 imewadanganya hata watu wazima, kumbe ni 7 × 13. Kwa hiyo tunahitaji njia ya kupima, na nitachukua miaka miwili ambayo kila mtu wa hapa anaijua: 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, na 1973, TANU ilipopitisha uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Zote mbili ni witiri, zote hazionyeshi pa kushikia. Ipi tasa?

Kabla ya kugawanya chochote, tazama vigawo vinavyotembea. Vinatembea wawili wawili: kwa 36 ni 1 na 36, 2 na 18, 3 na 12, 4 na 9, halafu 6 inajipata yenyewe. Mmoja wa kila jozi anapopanda, mwenzake anashuka, na wanakutana kwenye kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unaipata ile uliyoanza nayo. Haiwezekani wote wawili wawe juu ya kipeuo cha pili, maana zao lao lingeipita namba yenyewe. Kwa hiyo ukitafuta hadi kwenye kipeuo cha pili na usipate kigawo zaidi ya 1, hakuna haja ya kuendelea. (Na namba kama 36, ambazo kigawo kimoja hujipata chenyewe, ndizo pekee zenye idadi ya vigawo iliyo witiri. Mwaka 2025 ulikuwa wa namna hiyo, 45 × 45. Uliotangulia ulikuwa 1936, unaofuata ni 2116.)

Kwa kuwa 44 × 44 ni 1936 na 45 × 45 ni 2025, miaka yetu yote miwili iko katikati, na vipeuo vyake havifiki 45. Tena hatuhitaji kujaribu kila namba. Tasa zinatosha, kwa sababu ikiwa 6 inagawa, 2 na 3 zilishagawa kabla yake. Zinabaki namba 14 za kujaribu: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41 na 43.

Namba 2 na 5 zinatoka kwa kutazama tarakimu ya mwisho. Kwa 3 tunajumlisha tarakimu: 1 + 9 + 6 + 1 ni 17, na 17 haigawanyiki kwa 3. Kanuni hii hufundishwa kama amri, lakini ina sababu nzuri. Ukiwa na shilingi 1,961 na watu 3, kila elfu ukiigawa inabaki 1, kila mia inabaki 1, kila kumi inabaki 1. Elfu moja imebakiza 1, mia tisa zimebakiza 9, kumi sita zimebakiza 6, na ile 1 ya mwisho haijaguswa. Jumla ya mabaki ni 17, na hayo ndiyo yanayoamua.

Endelea na 1961. Kwa 7 inabaki 1. Kwa 11 zinabaki 3. Kwa 13 zinabaki 11. Kwa 17 zinabaki 6, kwa 19 zinabaki 4, kwa 23 zinabaki 6, kwa 29 zinabaki 18, kwa 31 zinabaki 8. Hapa wengi hukata tamaa na kuandika "tasa". Lakini 37 × 53 ni 1961, bila baki. Mwaka wa Uhuru si tasa.

Mwaka 1973 nimeupima kwa zote 14, na wewe unaweza kuupima kwa kalamu: kwa 7 zinabaki 6, kwa 37 zinabaki 12, kwa 43 zinabaki 38, na hakuna hata moja kati ya 14 inayotoa sifuri. Mwaka 1973 ni tasa.

Chekeche kutoka Kirene

Kama unazitaka tasa zote kwa mpigo badala ya kupima moja moja, kuna njia ya zaidi ya miaka 2,200. Aliyepewa heshima yake ni Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene, katika nchi ambayo leo ni Libya, aliyefanya kazi Alexandria, Misri. Ndiye yule aliyekadiria mzingo wa dunia kwa kutumia vivuli vya jua. Njia yake inaitwa chekeche la Eratosthenes, na kwa mtu aliyekua akimwona bibi yake akichekecha unga wa uwele jina hilo halihitaji maelezo.

Andika namba kutoka 2 hadi 100. Iache 2, kisha kata vigawe vyake vingine vyote. Namba inayofuata ambayo haijakatwa ni 3. Iache, kata vigawe vyake. Kisha 5, kisha 7. Inayofuata ni 11, lakini 11 × 11 ni 121, imeshavuka 100, kwa hiyo kazi imekwisha. Zilizobaki juu ya chekeche ni 25, nazo ndizo tasa zote zilizo chini ya 100. Umechekecha mara nne tu. Nawasihi wazazi waifanye hii na watoto wao nyumbani, kwa penseli za rangi, kwa sababu hapo kigawe kinaacha kuwa neno la mtihani.

KKS na KDS, na ukubwa unaogeuka

Kigawo Kikubwa cha Shirika na Kigawe Kidogo cha Shirika ni mahali ambapo alama nyingi hupotea, na kwa maoni yangu kosa kubwa ni la majina. Mtoto akisikia "kidogo" anatarajia jibu dogo, akisikia "kikubwa" anatarajia kubwa. Inakuwa kinyume. Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. Ukikumbuka -o na -e huna shida: vigawo viko chini ya namba zako au sawa nazo, kwa hiyo hata kikubwa chake hakiwezi kuzipita, vigawe viko juu yake au sawa nazo, kwa hiyo hata kidogo chake hakiwezi kushuka chini yake.

Dodoma ya sasa ni mji wa ujenzi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, huwezi kupita Nzuguni au Ilazo usikute nyumba inayopauliwa. Kwa hiyo tuchukue sebule ya sentimita 420 kwa 360, na fundi wa tailizi. Anataka tailizi za mraba, kubwa iwezekanavyo, asikate hata moja. (Tuweke kando ile nafasi ndogo ya kujazia kati ya tailizi na tailizi.) Akichukua za sentimita 40, upande wa 360 unakubali tailizi 9, lakini upande wa 420 unachukua 10 na kubakiza sentimita 20, kwa hiyo kila mstari utahitaji nusu tailizi. Akichukua za 30 hakuna kukata: 14 kwa 12, jumla 168. Akichukua za 60 pia hakuna kukata: 7 kwa 6, jumla 42. Zaidi ya 60 haiwezekani. Namba 60 ni kigawo cha 420 na cha 360, na hakuna kikubwa zaidi wanachoshirikiana.

Ataijuaje bila kubahatisha? Euclid, aliyefundisha Alexandria yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, ameacha njia ambayo fundi anaweza kuifanya kwa futi kamba. Toa upande mfupi kwenye mrefu: 420 ukitoa 360 inabaki 60. Sasa pima 360 kwa 60: inaingia mara 6 kamili. Kipimo cha mwisho kilichoingia bila baki ndicho KKS. Kingebakiza, ungeendelea kupima kilichotangulia kwa baki hiyo hadi baki iishe.

Kwa njia ya matofali, 420 ni 2 × 2 × 3 × 5 × 7, na 360 ni 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5. Wanavyoshirikiana ni 2 × 2 × 3 × 5, ndiyo 60. Ukitaka namba ndogo kabisa yenye matofali ya kutosha kuzijenga zote mbili, chukua 2 × 2 × 2 × 3 × 3 × 5 × 7, unapata 2,520, ndiyo KDS. Zidisha 60 kwa 2,520 utapata 151,200, sawasawa na 420 × 360, na haikutokea kwa bahati: kila tofali limehesabiwa, ama upande huu ama ule. Na 2,520 hii tuliyoipata sebuleni ndiyo namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10.

KDS ina makazi yake kwenye mambo yanayojirudia. Mgao wa maji, neno la ukoo huohuo wa gawa, ni mfano ambao mkazi wa Dodoma hahitaji kuufikiria sana. Tuseme kwako maji hutoka kila baada ya siku 4, kwa dada yako kila baada ya siku 6, na leo yametoka kwenu nyote. Mtayapata tena siku moja baada ya siku ngapi? Wengi husema 24, kwa kuzidisha. Jibu ni 12. Namba 24 nayo ni kigawe cha zote mbili, lakini mtakuwa mmeshakutana mara moja katikati, kwa kuwa 4 na 6 zinashirikiana 2, na kuzidisha tu kunaihesabu hiyo 2 mara mbili. Ingekuwa siku 5 na siku 6, ambazo hazishirikiani kitu zaidi ya 1, mngesubiri siku zote 30. Na yule anayejumlisha robo na sehemu moja ya sita anaitafuta 12 hiyohiyo ili iwe asili.

Mbegu moja iliyobaki

Je, tasa zinaisha? Kadiri unavyopanda zinazidi kuwa adimu. Chini ya 100 ziko 25, lakini kati ya 900 na 1,000 ziko 14 tu. Mtu anaweza kudhani kwamba kuna mahali zinakatika. Euclid alionyesha kwamba hazikatiki, na hoja yake ni ya mbegu moja.

Tuseme mtu amekuja na gunia, anaapa kwamba ndani yake mna tasa zote za duniani. Zidisha zote zilizomo, kisha ongeza 1. Ukiigawanya namba hiyo kwa tasa yoyote ya gunia, inabaki 1, kama zile mbegu 13 zilivyobakiza moja kwenye mistari 2, 3, 4 na 6. Kwa hiyo hakuna tasa ya gunia iliyo kigawo chake. Lakini tumeshaona kwamba kila namba kubwa kuliko 1 ni tasa au imejengwa kwa tasa. Basi kuna tasa isiyomo guniani, na mwenye gunia amekosea, hata gunia lingekuwa kubwa kiasi gani.

Wengi husimulia hoja hii vibaya, wakisema kwamba namba mpya lazima iwe tasa. Si lazima. Gunia likiwa na 2, 3, 5, 7, 11 na 13, zao ni 30,030, ongeza 1 upate 30,031. Hii si tasa. Ni 59 × 509. Ila tazama: 59 haikuwemo guniani, wala 509.

Tasa iliyotangazwa Oktoba 2024, kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejulikana hadi wakati huo, inapatikana hivi: andika 2 mara 136,279,841, uzizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Aliyeigundua ni Luke Durant wa Marekani, kupitia mradi wa watu wengi wanaochangia nguvu za kompyuta zao.

Tumia tena hiyo 30,031. Nikikupa 59 na 509 nikuambie uzidishe, ni kazi ya dakika moja. Nikikupa 30,031 nikuambie utafute vigawo vyake, itabidi upite tasa 16 kabla ya kuifikia 59. Kwenda ni rahisi, kurudi ni kazi. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, waliokuwa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, waligeuza ugumu huo wa kurudi kuwa kufuli. Unatangaza hadharani zao la tasa mbili kubwa, mtu yeyote analitumia kukufungia ujumbe, lakini wa kuufungua ni wewe unayezijua tasa zenyewe. Kufuli za aina hii zimelinda mawasiliano mengi ya intaneti. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kuvunja zao moja la majaribio lenye tarakimu 250, na hesabu hiyo ingeichukua kompyuta yenye kiini kimoja takribani miaka 2,700. Zinazotumika kwa kazi halisi huwa na tarakimu zaidi ya 600.

Tasa pacha

Kuna tasa zinazofuatana zikiwa na namba moja tu katikati: 3 na 5, 5 na 7, 11 na 13, 17 na 19, 29 na 31. Zinaitwa tasa pacha, na naupenda mgongano wa maneno hayo mawili. Kama jozi hizi zinaendelea milele au zinakoma mahali fulani, hakuna binadamu aliyethibitisha. Mwaka 2013 mwanahisabati Yitang Zhang alithibitisha kwamba jozi za tasa zilizoachana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho, na wenzake wakaipunguza milioni 70 hiyo hadi 246. Kutoka 246 hadi 2 njia bado haijapatikana.

Miaka 1997 na 1999 ilikuwa pacha. Inayofuata ni 2027 na 2029. Pima zote mbili kwa namba hadi 43. Kalamu na nusu saa vinatosha. Katikati yake iko 2028, na hiyo ni kigawe cha 6. Katikati ya 1997 na 1999 iko 1998, nayo ni kigawe cha 6. Ukiiacha jozi ya 3 na 5, itakuwa hivyo daima: namba ya katikati imezungukwa na witiri, kwa hiyo ni shufwa, na katika namba tatu zinazofuatana lazima moja iwe kigawe cha 3, na kwa kuwa zile za pembeni ni tasa, haibaki nyingine ila ya katikati. Baada ya 2029, miaka pacha inayofuata ni 2081 na 2083. Mtoto atakayezaliwa hapa Dodoma mwaka 2027 atakuwa anatimiza miaka 54 jozi hiyo itakapoanza, na 54 nayo, kwa sababu hiyohiyo, ni kigawe cha 6.